Ploti Moja, Mifuko Mitatu: Jina la Nani Liandikwe Kwenye Hatimiliki?

Ami yangu, Mungu amrehemu, alichanga fedha na mwenzake wa kazini wakanunua ploti Mtwapa. Siku ya kuandikisha, ami alikuwa safarini, basi hatimiliki ikatoka kwa jina la mwenzake peke yake. Hapakuwa na ujanja wowote. Kwa miaka kumi na mmoja yule bwana alimletea ami nusu ya kodi ya nyumba kila mwisho wa mwezi, mkononi, bila kupungua shilingi. Kisha akafariki. Watoto wake wakafungua hatimiliki, wakasoma jina la baba yao, wasione jina jingine. Ami alibaki na risiti mbili za benki na mashahidi ambao wengi wao walikuwa wamekwisha tangulia mbele ya haki.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba ananunua ardhi na rafiki au ndugu, simuulizi kama mwenzake ni mwaminifu. Namuuliza: akifa, akidaiwa, akitaka kutoka, karatasi zenu zitawaambia nini watu ambao hawakuwepo mlipokubaliana? Kwa swali hilo ndipo nilipolinganisha njia zilizopo hapa Kenya, maana safari hii zamu imenifikia mimi.

Sisi ni watatu: mimi Mombasa, dada yangu muuguzi Kilifi, na kaka yetu aliye kazini Muscat. Ploti tuliyoitazama ni ya futi 50 kwa 100, ile inayoitwa moja ya nane ya eka, kwa shilingi milioni 3. Kaka anatoa milioni moja na nusu, mimi milioni moja, dada laki tano. Nusu, thuluthi na sudusi, kama watu wanaogawana mirathi kabla ya kifo. Juu yake tunataka vyumba vinane vya kupangisha.

Jina la mmoja kwa niaba ya wote

Hii ndiyo njia nyepesi kuliko zote, na jamaa walio ughaibuni wanaitumia sana: tuma fedha, ndugu aliye nyumbani aandikishe kwa jina lake, mambo mengine tutazungumza. Ndiyo njia ya ami.

Sheria haimwachi mikono mitupu kabisa aliyetoa fedha bila jina. Sheria ya Mikataba, sura ya 23, inataka mauziano ya ardhi yawe kwa maandishi, yatiwe saini na pande zote na saini hizo zishuhudiwe. Hata hivyo inaacha mlango kwa mahakama kutambua amana, yaani kwamba mwenye jina ameshikilia ardhi kwa niaba ya mwingine. Lakini mlango huo unaufungua wewe, kwa ushahidi wako na kwa gharama ya wakili wako, na huenda ploti ikauzwa wakati faili lako bado linasubiri tarehe. Aliyelazimika kupita hapa aandikiwe tamko la amana na wakili, lenye saini na kushuhudiwa, kisha aweke kaveati katika rejista ya ardhi ili msajili asipitishe mauzo bila yeye kuarifiwa.

Ile sababu ya “yuko mbali” haina nguvu. Kaka yetu anaweza kutoa hati ya uwakilishi, akaitia saini mbele ya notari au ubalozini, ikasajiliwa, na mimi nikamtilia saini huku jina lake likiandikwa kwenye hatimiliki. Anachohitaji kututumia ni nakala ya pasipoti au kitambulisho, PIN ya KRA (namba ya mlipakodi) na picha.

Majina yote kwenye hatimiliki

Hapa pana njia mbili zinazofanana machoni na kutofautiana vibaya siku ya msiba. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 91, inazitenga hivi.

Katika umiliki wa pamoja hakuna mafungu. Wote wanamiliki kitu kizima, na mmoja akifa, haki yake inazimika na waliobaki wanachukua chote. Cheti cha kifo kinapelekwa kwa msajili, jina linafutwa, basi. Katika umiliki wa mafungu kila mtu ana sehemu yake isiyokatwa ardhini, na akifa sehemu hiyo inaingia katika mirathi yake.

Wengi hawajui kwamba umiliki wa pamoja siku hizi umebaki kuwa wa mume na mke. Watu wengine wakiutaka sharti wapate idhini ya mahakama, la sivyo sheria itauhesabu kuwa umiliki wa mafungu hata kama karatasi imeandikwa vingine. Kwa hiyo ndugu watatu kama sisi hatuna la kuchagua hapo.

Kwa mume na mke unafaa sana, maana mjane hasumbuki na kesi ya mirathi ili kuendelea kupokea kodi za wapangaji wake. Ila kwa familia ya Kiislamu nasema zungumzeni kwanza. Mirathi ya Mwislamu hugawanywa kwa sharia na huenda mbele ya kadhi, na humo mke mwenye watoto ana thumuni. Rejista ya ardhi, kwa umiliki wa pamoja, itamwachia ploti nzima. Wazazi wa marehemu na watoto wake wakubwa wakiligundua hilo siku ya arobaini, nyumba hugawanyika. Ni heri kadhi na wakili waulizwe mkiwa hai wote wawili.

Kwa wasiokuwa mume na mke, umiliki wa mafungu una mtego mmoja wa mwandiko. Hati ya uhamisho isipotaja mafungu, sheria inachukulia kwamba wote wana mafungu sawa. Kwa ploti yetu, dada aliyetoa laki tano angekuwa na thuluthi yenye thamani ya milioni moja, na kaka aliyetoa milioni moja na nusu angerudi hapo hapo kwenye thuluthi. Dada yangu asingemdhulumu kaka, najua. Lakini watoto wa dada yangu hawajui nani alitoa nini. Maneno ya kuandikwa ni mafupi: moja ya pili, moja ya tatu, moja ya sita.

Tena katika njia hii huwezi kuamka ukamuuzia mtu wa nje fungu lako. Unahitaji ridhaa ya maandishi ya wenzako, nao hawaruhusiwi kuinyima bila sababu ya maana. Napenda sana kanuni hiyo. Inakulinda usijikute jirani wa mtu usiyemjua ndani ya ploti yako mwenyewe.

Kampuni, na binamu zake

Kampuni ni mtu wa kisheria. Ploti inakuwa yake, nanyi mnamiliki hisa. Kwa Sheria ya Kampuni ya 2015 hata mtu mmoja anaweza kuianzisha, na kampuni ya binafsi isizidi wanachama 50. Usajili hufanyika kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Mzigo wake unakuja baadaye: ripoti ya kila mwaka kwa msajili, hesabu za kikodi hata mwaka ambao hamkuingiza kitu, na kutaja watu walio nyuma ya hisa, kuanzia anayeshikilia asilimia 10. Nimeona kampuni za ndugu zilizosajiliwa kwa shangwe kisha zikasahauliwa kabatini, na siku ya kuuza ploti wanakuta faini na majina ya wakurugenzi waliokwisha kufa.

Binamu zake ni wawili. Ubia wa kawaida, chini ya sheria ya 2012, ni watu wanaofanya biashara pamoja, na deni la ubia linaweza kumfuata kila mbia hadi nyumbani kwake. Kwa ardhi sioni faida yake. Ubia wenye dhima yenye kikomo, chini ya sheria ya 2011, ni kitu kingine: una nafsi yake kisheria kama kampuni, unamiliki mali kwa jina lake, na madeni yake hayaingii chumbani kwa wabia. Kwa watu wawili watatu wanaotaka mkataba wao wenyewe uongoze mambo, bila hisa na vikao vya kampuni, unastahili kuulizwa kwa wakili.

Chama

Nalipenda jambo la chama kwa moyo wote. Bila vyama wanawake wengi wa mtaani kwetu wasingekuwa na hata bati moja. Lakini kwa ardhi, mazoea yetu ni kuandikisha ploti kwa majina ya mwenyekiti, katibu na mweka hazina kama wadhamini, yaani washikaji wa mali kwa niaba ya wote. Uchaguzi unapita, viongozi wanabadilika, hatimiliki inabaki na watu walewale watatu. Mmoja akikataa kutia saini, wanachama 20 wanamsubiri. Chama kikifikia kununua ardhi, kianzishe kampuni, na kila mwanachama apewe hisa kwa kadiri ya mchango wake.

Ziweke ubavu kwa ubavu

Tuanze na kifo. Jina la mmoja: wote mnaingia katika mirathi ya mtu mmoja, mkiwa wadai. Umiliki wa mafungu: fungu la marehemu tu ndilo linalongoja mirathi, lakini kumbuka kwamba ploti nzima haiuziki mpaka msimamizi wa mirathi yake apatikane na kutia saini. Kampuni: hisa ndizo zinazoingia mirathi, ploti inaendelea kupokea wapangaji, wakurugenzi waliobaki wanaendelea kutia saini. Hapa kampuni inashinda waziwazi, ili mradi mkurugenzi asiwe yule marehemu peke yake.

Kutoka. Katika umiliki wa mafungu, anayetaka kutoka anaweza kuomba ploti igawanywe, na mkishindwana mahakama inaweza kuamuru iuzwe. Futi 50 kwa 100 zenye vyumba vinane huwezi kuzikata nusu, thuluthi na sudusi, kwa hiyo mkishindwana mwisho wake ni kuuza. Ndiyo maana pembeni ya hatimiliki lazima pawe na mkataba wa wenye ploti: anayetoka awape wenzake nafasi ya kwanza, bei ikadiriwe na mthamini aliyesajiliwa, walipe kwa muda gani, na wakishindwa nini kifuate. Katika kampuni mambo hayo huandikwa kwenye katiba ya kampuni au mkataba wa wanahisa, na anayetoka anauza hisa. Kama mnajenga ghorofa, kuna njia safi zaidi: Sheria ya Mali za Visehemu ya 2020 inaruhusu kila fleti kuwa na hatimiliki yake. Jengeni pamoja, kisha kila mtu achukue yake.

Madeni. Mwenye fungu akidaiwa, mdai wake anaweza kulifuata fungu hilo, nanyi mkajikuta mahakamani kwa deni lisilo lenu. Kwenye kampuni anafuata hisa. Lakini msidanganyike na neno “kikomo”, ule ukuta kati ya deni la kampuni na mali zenu, mnapokwenda kukopa: benki kwa kawaida itawataka wakurugenzi waweke dhamana yao binafsi, na hapo ule ukuta mnaulipia huku mmekwisha uvunja. Kwa umiliki wa mafungu, mkopo wa kuweka rehani ploti nzima unahitaji saini ya kila mmoja, na mawakili huomba pia ridhaa ya wake na waume. Wasioneni kama wasumbufu; nyumba ya ndoa haiwekwi rehani wala haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, na wakili hataki kubahatisha ipi ni nyumba ya ndoa.

Ushuru ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi, kwa kuwa kila niliyemuuliza alinijibu kwa kujiamini, na majibu yakapishana. Wakati wa kununua hakuna tofauti: ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya mjini na asilimia 2 mashambani, awe mnunuzi ni mtu au kampuni. Kwa ploti yetu ni shilingi 120,000 au 60,000. Tofauti inakuja mkianza kwa majina yenu halafu baada ya miaka mitatu mkaamua kuihamishia kampuni. Uhamisho huo kwa kawaida unalipiwa stempu upya, na ushuru wa faida ya mauzo, uliopanda kutoka asilimia 5 hadi 15 Januari 2023, nao unabisha hodi. Uamuzi huu unafanywa mara moja, kabla ya kununua.

Kodi za wapangaji: vyumba vinane kwa 5,000 ni 40,000 kwa mwezi, 480,000 kwa mwaka. Nyumba za makazi zinazoingiza kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5 ya pato lote, tangu Januari 2024, bila kutoa gharama, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kampuni yetu ingelipa 3,000 kila mwezi. Tukimiliki kwa mafungu, pato linahesabiwa kwa kila mtu: langu ni 160,000, la dada 80,000, yote chini ya 288,000, basi hatumo katika mpango huo. Hatujasamehewa lakini. Tunajumlisha na mapato yetu mengine kwenye ripoti ya mwaka, na dada mwenye mshahara anaweza kujikuta analipa zaidi ya asilimia 7.5.

Kaka wa Muscat ana shida yake. Mtu asiyehesabiwa mkazi wa Kenya kikodi haruhusiwi mpango wa 7.5, kodi ya nyumba anayopokea hukatwa asilimia 30 ya pato lote. Kwa kampuni ya Kenya, kampuni inalipa 7.5, kisha gawio, yaani fungu lake la faida kama mwenye hisa, linakatwa 15. Nilipoliona hili nililipiga hesabu mara tatu. Kama nusu ya ploti ni ya aliye nje, kampuni inaweza kujilipia gharama zake. Ila ukaaji wa kikodi una vipimo vyake. Mwenye makao ya kudumu Kenya aliyefika hata kwa muda mfupi katika mwaka huhesabiwa mkazi. Ada ya mhasibu kwa swali hili moja ni fedha iliyotumika vizuri.

Uraia nao uangaliwe kabla ya kampuni kusajiliwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 65, inasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi zaidi ya kuikodi kwa miaka isiyozidi 99, na kampuni ni ya raia pale tu inapomilikiwa yote na raia. Yote. Mpe hisa moja mpwa wako mwenye pasipoti ya Kanada pekee, na ardhi yenu ya milele inahesabiwa kuwa ya miaka 99. Na kama ploti bado ni ardhi ya kilimo, bodi ya ardhi haitatoa idhini ya kuuziwa kampuni hiyo hata kidogo.

Bodi hiyo haikwepeki kwa njia yoyote kati ya hizi. Ardhi ya kilimo iliyouzwa bila idhini yake, ambayo inapaswa kuombwa ndani ya miezi sita ya mkataba, ni mauzo batili, na unachobaki nacho ni kudai fedha zako kama deni. Hata kuuza hisa za kampuni ya binafsi inayomiliki ardhi ya kilimo kunahitaji idhini.

Hati mbovu haiponywi na mpangilio mzuri

Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu ploti ya Nyali kando ya bahari. Ilikuwa nafasi wazi ya umma, ikatolewa kinyume cha sheria mwaka 1989 kwa Daniel arap Moi, rais wa wakati huo, kisha ikauzwa na kuuzwa tena. Mnunuzi wa mwisho alikuwa na hatimiliki mkononi. Akaikosa ploti, kwa kuwa mzizi wa hati ulikuwa umeoza. Septemba mwaka huohuo, katika kesi ya Torino Enterprises, mahakama hiyohiyo ikasema barua ya ugawaji peke yake si umiliki.

Kwa hiyo sachi ya leo, yaani ukaguzi wa rejista ya ardhi, haitoshi. Muulize wakili historia: nani alipewa kwanza, kwa njia gani, ilikuwa ardhi ya nini. Mpima ardhi aende na ramani akaonyeshe bikoni, yaani alama za mipaka, moja moja. Na kwetu Mombasa ongeza swali la nyumba bila ardhi, maana Majengo, Kisauni na Likoni mtu anaweza kukuuzia kuta na paa kwa dhati kabisa huku kiwanja kikiwa cha mwingine anayelipwa kodi ya ardhi.

Tulivyoamua sisi

Kwa mume na mke ningechagua umiliki wa pamoja, baada ya mazungumzo yale niliyotaja. Kwa ndugu wawili hadi wanne, wote wakiwa nchini, ploti moja, fedha taslimu na hakuna mkopo: majina yote, mafungu yameandikwa, na mkataba pembeni. Kwa watu wasio wa damu moja, kwa mkopo, kwa ploti ya pili na ya tatu, kampuni.

Sisi tulikuwa tumekubaliana mafungu mpaka hesabu ya kaka ilipotubadilisha. Mhasibu alituthibitishia kwamba kwa miaka yake ya mkataba Muscat hatahesabiwa mkazi, basi tukaenda na kampuni: hisa 600, zake 300, zangu 200, za dada 100, wakurugenzi mimi na dada. Katika mkataba wa wanahisa tumeandika kwamba kuuza ploti au kukopa kwa kuiweka rehani kunahitaji saini ya wote watatu, hata yule mwenye hisa 100. Dada ndiye aliyekidai kipengele hicho. Kaka alikisoma kwa simu mara mbili, akanyamaza kidogo, akasema kiwekwe cha kwanza.